Kiboko na Unga wa Picha

Alikuwepo Kiboko mmoja, tumbo lake lilifika leo, mwenyewe akafika kesho. Aliwapelekea gunia la unga Panya waliohamia mjini kutoka shamba.

"Hakuna kugawa mpaka Kunguru aje na kamera awapige picha na njaa yenu!" akaamuru.

Wana wa Mama Panya walikuwa na siku tatu hawajala. Mama akatabasamu.

"Bwana mkubwa, kwetu mgeni hakai na njaa. Ila unga uliopo ndio huo wako."

Tumbo la Kiboko likamjibia. "Songeni ugali!"

"Na mgeni hali peke yake."

Ukasongwa ugali mrefu mpaka mawingu yakauzunguka. Wakala wote, gunia likaisha.

Kunguru akatua. "Mzee, wameshiba hawa! Nimpige nani?"

"Tupige hivi hivi," Mama Panya akasema, akilamba vidole. "Tukishiba tunatoka vizuri."