Viganja vya Zamda

"Mpira unadakwa kwa viganja, siyo kwa kifua!" Mwalimu Nasra alifoka, na wasichana wa darasa la nne wakacheka. Zamda alikuwa ameukumbatia tena mpira wa netiboli kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga kwa ghafla.

"Weka mpira chini. Nyoosha mikono, wenzako waone unavyokosea."

Zamda alinyoosha, vidole kavikunja.

"Fungua."

Alifungua. Viganja vilikuwa vimevimba, na mistari myekundu imepita katikati.

"Nani kakufanya hivi?" mwalimu aliuliza kabla hajafikiri.

Kicheko kilikatika. Zamda alitazama chini. "Asubuhi, mwalimu. Getini. Nilichelewa."

Ndipo Nasra alipoikumbuka foleni ya wachelewaji. Aliikumbuka mikono tu, nyuso hakuziangalia. Alikuwa akichapa huku akimsimulia mwalimu mwenzake jinsi alivyohangaika kuwapatia wasichana mpira mpya.

Aliinama kuuokota mpira, akakawia huko chini kuliko ilivyohitajika. Aliponyanyuka, darasa zima lilikuwa limejipanga mbele yake kama ile foleni ya getini, kila mtoto amenyoosha mikono, viganja juu.