Mistari Miwili

Benchi la kliniki ya wajawazito lilikuwa limejaa, lakini wanawake walisogeleana wakampisha Kibwana, mpiga tarumbeta wa harusi, aliyeshika kichupa cha mkojo kama yai bichi.

"Ya miezi mingapi, kaka?" mmoja akamuuliza, na benchi zima likacheka.

Ndani, Daktari Mchopa alikuwa na picha ya kifua cha Kibwana. Nyuma ya mfupa wa kidari palikuwa na uvimbe, ndio uliokuwa ukimkata pumzi. Daktari akachovya kipimo cha mimba kwenye mkojo, wakangoja. Mstari wa kwanza ukatokea. Kisha wa pili.

"Alhamdulillahi!" Daktari akapiga meza.

"Unashukuru nini, daktari? Mke wangu nitamwambia nini?"

"Mwambie adui tumeanza kumjua. Uvimbe huu ni wa nadra, unatoa homoni ile ile ya mimba. Tutakata kinyama kidogo tuhakikishe, lakini aina hii mara nyingi inasikia dawa."

Kibwana alipotoka na tarumbeta lake begani, benchi zima likamgeukia.

Akainua vidole viwili.

Vigelegele vikarindima hadi wodini. Akaweka tarumbeta mdomoni, akavuta pumzi yote aliyoweza.