Kondoo Mlangoni pa Maabara

Mzee Omwenga alimshika kondoo shingoni, akagoma mlangoni pa maabara.

"Sister, mlisema nije na kondoo, nimekuja naye. Lakini sisi Wasabato kafara tuliacha zamani. Kama hapa mnaagua, niambieni nirudi na mtoto wangu nyumbani Nyaramba."

Bonareri, mpimaji wa maabara, alijizuia kucheka. Kipimo hiki alikuwa amefundishwa Nairobi mwaka uliopita, 1975, na kila mzazi alimwuliza lile lile.

"Si kafara, mzee. Kondoo tunamtoa damu kidogo tu, kisha unarudi naye. Chembe nyeupe za damu ya mtu zina alama zake kwa nje. Zenye alama fulani hukamata chembe za kondoo. Kwa mwenye afya, sitini hivi katika mia hukamata. Kwenye saratani ya damu, ile daktari anaihofia, hazifiki hata kumi."

Mong'ina, kitinda mimba wa mzee, wa miaka minane, alikuwa na matezi shingoni na homa ya mwezi mzima. Kuona sindano tu, akajificha nyuma ya koti la baba.

"Anza na mimi," mzee akasema, akikunja shati. "Aone haiumi."

Bonareri akashukuru. Alihitaji damu ya mtu mwenye afya ya kulinganishia, na mzee huyu bado alibeba magunia ya majani chai mwenyewe.

Saa tisa alasiri aliinamia hadubini. Katika chupa ya kwanza, chembe zilikuwa zimezungukwa na za kondoo pande zote. Ya pili aliihesabu mara mbili. Nne katika mia. Akasoma jina, akalisoma tena. Akawaita wote wawili, akawatoa damu upya, akaandika majina kwa mkono wake.

Nne tena. Bonareri alimkasirikia hata Mungu.

Alipotoka, mzee aliinuka kwenye benchi, roho mkononi. "Usinifiche, binti yangu. Nimeshazika wawili. Huyu nimwombee nini?"

"Huyu damu yake ni safi. Daktari atampa dawa ya matezi tu."

Omwenga akalia bila aibu, akimshukuru Mungu kwa Kikisii. Kisha akamshika Mong'ina mkono waende zao.

"Mwache mtoto aketi kwanza, mzee," Bonareri akasema. "Anayelazwa leo ni wewe."