Fremu ya Mteja wa Nyali

"Mbona pana hivi?" Matano aliuliza, akiizunguka fremu ya kubebea mizigo mgongoni, ya miti ya mkoko, iliyosimama katikati ya chumba. "Ya kubebwa na mtu hii, au ya kubebwa na punda?"

"Mteja wa Nyali ndivyo atakavyo," mkewe, Kafedha, alijibu bila kuinua uso. "Linda amenieleza. Anataka ile hasa ya wapagazi wa misafara ya zamani. Iwe pana, na rafu ya mzigo ichomoze sana nyuma."

Linda alikuwa jirani yao hapo Magogoni, mchuuzi wa leso ufukweni Shanzu. Habari zote alimpasha Kafedha kupitia nondo za dirisha, kwa sababu mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulilala na kuamka mfukoni mwa Matano.

Zamani Matano alisukuma mkokoteni. Tangu mahoteli yapende fremu na mifuko ya ngozi ambayo mkewe aliishona kwa mkono, kazi aliitupa, akashika ulinzi wa mkewe. "Kuku atagaye hafunguliwi," aliwatania wenzake barazani, nao wakacheka. Kafedha hakuona cha kuchekesha. Alijiona amezikwa yu hai.

Sasa mama yake alikuwa hoi kitandani kule Likoni. Linda alisema mgonjwa hataki chakula tena, na kila akisikia hatua mlangoni huita, "Kafedha, ni wewe?" Kafedha alimwangukia mumewe miguuni, akaomba ruhusa ya kwenda kumwona angali hai.

"Ukivuka feri hurudi," Matano alisema. Akasema hivyo asubuhi, akasema hivyo jioni. Kafedha akalia, akarudi kwenye kazi yake, akakaza kamba za katani hadi vidole vikachubuka.

Na leo fremu ilikuwa tayari.

"Mwambie mteja aje aichukue mwenyewe," Kafedha alisema.

"Aje humu ndani, mpate kuzungumza?" Matano alicheka. "Sijawa mjinga kiasi hicho. Naipeleka mimi."

Kafedha akainamisha kichwa.

"Basi ivae hapa hapa, bwana. Mteja ataka kuiona ikija mgongoni mwa mtu, na mzigo wake. Marehemu baba alinifunza: mpagazi hajifungi mwenyewe, hufungwa na mwenzake, na fundo hukaa nyuma. Ila fungua mlango kwanza. Ukishatwikwa, utahangaika na kufuli wewe?"

Matano akafungua. "Nikifika nje nafunga. Usijitie ujanja."

Akachutama katikati ya chumba, akatoa mgongo. Sifa za nguvu zake hakuwahi kuzichoka, na Kafedha akamwongezea nyingine mbili tatu huku akipitisha mikanda mabegani, akaivusha kifuani, akairudisha nyuma. Mifuko ikajazwa mchanga ipate kushiba, ikafungwa juu ya rafu. Rafu ikalalama kidogo, ikatulia.

"Kaza tu," Matano alisema. "Mimi si wa kubembelezwa."

Kafedha akakaza. Kisha akajifuta mikono kwenye leso, akamzunguka mumewe, akatoka nje.

"We!"

Matano aliinuka kwa kishindo, akauvamia mlango. Miti ikagonga miimo kulia na kushoto, ikamrudisha ndani. Akageuka ubavu, rafu ikakwama. Akainama apite kwa chini. Mchanga ukamkalisha kitako. Akapeleka mikono mgongoni kutafuta fundo, akapapasa, asiambulie kitu.

Linda alikuwa amesimama uani, kashika mkoba wa Kafedha.

"Rudi unifungue!" Matano alipiga kelele, jasho likimtiririka. "Mwanamke, una wazimu? Mteja anangoja Nyali!"

Kafedha alikuwa akivaa ndara. Akageuka kumtazama.

"Mteja gani, bwana? Vipimo hivyo ni vya mlango."