Usikanyage Maua ya Eusebia

Kiatu cha kwanza kilimpata mpiga picha mgongoni. Cha pili kilimkosa, lakini tusi lililokifuata halikukosa.

"Toka kwenye maua! Kwenu hamfundishwi kutazama mnapokanyaga?"

Mrushaji alikuwa Eusebia, bibi wa Kikahuilla, kabila la wenyeji wa asili wa jangwa lile la California, ambaye tangu alfajiri alikuwa akililinda bonde lile la mchanga kama mlinzi wa benki. Mvua kubwa kama ya mwaka ule haikuwa imenyesha jangwani tangu enzi za marehemu shemeji yake. Sasa mchanga wote ulikuwa umefunikwa na vijiua vyeupe vyenye jicho la kahawia katikati, na watu wa mjini walikuwa wakimiminika kwa magari ili walale juu ya maua wapigwe picha.

"Utapasuka mshipa," alisema dada yake, Nazaria, akichochea moto kando ya gari. "Wageni wanakuja jioni. Watakukuta maiti."

"Afadhali wanikute maiti kuliko wakute bonde limepondwa! Nitawaambia nini watoto wa kaka? Kwamba wamesafiri bure?"

Ni mtu mmoja tu aliyeguswa na hasira hiyo. Preston, kijana wa chama cha wapenda maua cha Los Angeles, alivua kofia kwa unyenyekevu wa mchungaji mazikoni.

"Mama, watu kama wewe ndio wanaoliokoa jangwa. Niruhusu nikusaidie."

"Nisaidie kwa kwenda kwenu."

Hakwenda. Aliinama, akafunua majani, akashtuka. Viwavi! Wa kijani, wanene kama kidole, wenye pembe mkiani, wakiyatafuna maua ya mama wa watu bila haya. Preston akatwaa ndoo. Akawaokota mmoja mmoja, jasho likimtiririka, akichunga asikanyage hata ua moja, mpaka ndoo ikajaa. Kisha akaimwaga mbele ya Eusebia na kuinua buti lake kwa fahari, tayari kuwaponda.

Eusebia alimrukia. Wote wawili wakaanguka mchangani.

"Lakini mama," Preston alihema, "hawa wanakula maua yako!"

"Si waache wale!" Eusebia alifoka, akiwazoa viwavi kwa mikono yote miwili. "Wasiponona, wageni wangu watakula nini? Nazaria, kikaango!"