Bakuli la Sakuma

Bakuli lilirudi jikoni na supu yake tele, kama kawaida. Tambi zimeliwa, supu iko pale pale.

Kihachi akaimwaga. Kuku wa supu ile aliwachemsha mpaka mifupa ikalainika, na tambi alizikanda kwa mikono yake mwenyewe. Lakini pale mjini Morioka kila mpishi wa rameni, hizi tambi za supu, anajua: mteja akiridhika, supu anaipiga mpaka kitako cha bakuli kionekane. Akibakisha, humuulizi. Unameza aibu yako, unaosha chombo.

Angekuwa mteja mwingine, angemsahau. Huyu alikuwa Sakuma, aliyefundishwa jiko pamoja naye, kwa bwana mmoja, na bwana huyo alishakufa. Ulimi uliobaki wa kuijua supu ya bwana yule ni wa Sakuma peke yake.

Basi Kihachi akahangaika. Mara aongeze miguu ya kuku, mara tangawizi, mara dagaa wakavu. Kila Alhamisi Sakuma alikuja, akainamia bakuli mpaka miwani ikaingia ukungu, akavuta ule mvuke weee, akala tambi, akalisukuma bakuli kando.

"Unafukuza watu," alisema mkewe, Fumie. "Leo supu hii, kesho ile. Hata yule jirani muuza pombe haji tena."

"Sakuma akimaliza bakuli, watarudi."

Hawakurudi. Ikafika Alhamisi ambayo tangazo la kufunga mgahawa lilikuwa limeshaandikwa, limelazwa kwenye kaunta linangoja gundi. Kihachi alikuwa amechoka kubuni. Akapika ile ya zamani, ya bwana wao: kuku, chumvi, kitunguu, basi.

"Akibakisha leo, nabandika," alimwambia Fumie.

Sakuma akaingia na kandambili, theluji yote ile, miguu imevimba haiingii viatuni.

"Kihachi, bado unakata tambi nene kama kamba za viatu?"

"Kula, kaka. Ukitaka nyembamba, kaombe uzi kwa fundi cherehani."

Sakuma akacheka, akala tambi. Halafu akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Akanywa mpaka kidevu kikaelekea darini. Alipolitua, kitako kilikuwa cheupe.

Fumie akajiziba mdomo kwa aproni. Kihachi akalikunjakunja lile tangazo, akalitia motoni chini ya sufuria, machozi yanamshuka na hana habari nayo.

"Kumbe ni hii," alisema. "Hii ya zamani. Si ungeniambia tu, kaka!"

"Hii, zile, zote nilizitamani," alijibu Sakuma, akijifuta midomo. "Ni daktari wa figo aliyenikataza chumvi. Leo asubuhi kaniambia dawa basi, nile tu ninachotaka."