Kitufe cha Mwenyekiti

Mshona nguo aliweka kidole juu ya kitufe chekundu, na ukumbi mzima wa baraza ukakitazama kidole hicho.

Kitufe kile kilizima vipaza sauti vyote isipokuwa cha mwenyekiti. Kwa miaka kumi na mmoja mwenyekiti alikuwa mtu mmoja, na kila mara mshona nguo, diwani mwenzake, alipoutaja mtaro wa sokoni, alizimwa kabla hajamaliza sentensi. Tangu wiki hii madiwani wanakikalia kiti kwa zamu, mwezi mmoja mmoja, na zamu ya kwanza ilimwangukia yeye.

Sasa mwenyekiti wa zamani alikuwa amesimama safu ya nyuma, akitaka zamu zifutwe leo hii, kwa kura.

"Uongozi si foleni ya bafu la nyumba ya kupanga," alisema, na wengine wakacheka. "Nizime, dada. Najua mkono unakuwasha. Nizime, wenzetu waone kwamba kiti ni kilekile."

Ncha ya kidole cha mshona nguo ilikuwa ngumu, imejaa alama za sindano za miaka. Alikiinua taratibu. Akatoa mfukoni subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, akakifunika kitufe kwayo. Ilienea kama iliyopimwa.

"Kila hoja ina dakika tano, kaka," alisema. "Umetumia mbili. Tunakusikiliza."

Mwenyekiti wa zamani akafungua kinywa. Akaitazama karatasi yake, akaigeuza upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

Saa ya ukutani iliendelea kwenda, na hakuna aliyemkatiza.